Uzazi Hufuata Giza, Huduma Zetu Hufuata Jua

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi wa biolojia hupenda kuuliza, limo moja ambalo vitabu vyao vya kiada hulipita kimya: kwa nini uchungu wa kuzaa huwashika wanawake wengi usiku? Nimeulizwa swali hilo darasani mara nyingi, na aghalabu huulizwa na wasichana ambao wamekwisha kumwona mama, dada au jirani akihangaika saa nane za usiku bila gari wala mtu wa kumsindikiza. Jibu lake linaanzia ndani ya ubongo wa binadamu na kuishia katika vichochoro vya mitaa yetu ya mabanda. Leo nataka kulijibu kwa ukamilifu, kwa kuwa naamini kwamba nchi yetu imepanga huduma za uzazi kwa saa zisizokuwa za uzazi.

Waswahili tangu jadi wamehesabu saa kwa kufuata kuchwa na kucha. Jua likitua tunaanza kuhesabu saa za usiku, na likichomoza tunaanza saa za mchana. Mwili wa binadamu nao huhesabu vivyo hivyo. Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo hipothalamasi, mna kundi dogo la chembe za neva lifanyalo kazi kama saa. Saa hiyo hupokea habari za mwanga kutoka katika retina ya jicho, na giza linapoingia huiamuru tezi ndogo ya pineali itoe homoni iitwayo melatonini. Homoni hiyo huanza kupanda jioni, hufika kilele chake usiku wa manane, kisha hushuka kuelekea mapambazuko. Mchana kiasi chake katika damu huwa kidogo mno.

Melatonini ilitambuliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliokuwa wakichunguza tezi za ng'ombe. Mwaka 1980 watafiti wengine nchini humo, wakiongozwa na Alfred Lewy, walithibitisha kwamba mwanga mkali unaomfikia binadamu usiku huizuia homoni hiyo isitolewe. Baadaye ilidhihirika kwamba hata mwanga wa kawaida wa nyumbani waweza kuipunguza, hasa ule wenye rangi ya buluu kama wa skrini za simu na televisheni. Watu wengi huiita homoni ya usingizi, lakini jina hilo halitoshi, kwani hata wanyama wanaokesha usiku na kulala mchana huitoa usiku vilevile. Kazi yake ya kwanza ni kuuarifu mwili kwamba usiku umeingia.

Habari hizo zina uzito wa pekee katika uzazi. Hata kabla ya mimba kutungwa, melatonini hupatikana katika majimaji yanayolizunguka yai ndani ya ovari, tena kwa kiwango kinachopita kile kilichomo katika damu. Wataalamu wanaamini kwamba huko hulikinga yai dhidi ya kemikali haribifu za oksijeni zinazotokea linapopevuka. Mimba ikishatungwa, homoni hiyo huvuka kondo la nyuma bila shida na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto huyo hawezi bado kujitengenezea melatonini yake kwa mpangilio wa usiku na mchana. Kwa hiyo yeye aliyeko gizani saa zote huujua usiku kwa kupitia damu ya mama yake. Hata baada ya kuzaliwa, huchukua kama miezi mitatu hivi kabla mwili wake haujaanza kuifuata saa hiyo wenyewe, na katika muda huo maziwa ya mama ya usiku humpa melatonini ambayo yale ya mchana huwa karibu hayana kabisa.

Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kiasi cha homoni hiyo katika damu ya mama hupanda usiku kuliko ilivyokuwa hapo awali. Ndipo tunapofikia jibu la swali la wanafunzi wetu. Misuli ya mji wa mimba ina vipokezi vya melatonini. Mwaka 2009 watafiti wa Florida, akiwamo James Olcese, walionyesha katika maabara kwamba melatonini hushirikiana na homoni ya oksitosini kuzidisha nguvu ya misuli hiyo kujikaza. Mwaka 2013 Olcese na wenzake walieleza kwamba wajawazito waliokaribia kujifungua walipoangaziwa mwanga mkali usiku, mikazo ya tumbo ilipungua. Kwa maneno mengine, giza humsaidia mama kuzaa.

Takwimu nazo zinasema hivyohivyo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia zaidi ya watoto milioni 5 waliozaliwa nchini Uingereza kati ya mwaka 2005 na 2014. Ilionekana kwamba uzazi ulioanza wenyewe, bila dawa wala upasuaji, ulitokea zaidi kati ya saa saba za usiku na saa moja asubuhi, na kilele chake kilikuwa karibu na saa kumi za alfajiri. Jumla ya watoto wote waliozaliwa nje ya saa za kawaida za kazi ilikuwa asilimia 71.5. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye hospitali zinazoweza kuanzisha uchungu kwa dawa mchana, msomaji na ajiulize hali ikoje mahali ambapo uzazi huachiwa maumbile yenyewe.

Hebu sasa tuitoe elimu hii maabara tuipeleke Soweto West, au Soweto Magharibi, mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera, jirani na Kianda na Gatwekera. Jina la Kibera lenyewe limetokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu. Wanubi, askari wa zamani wa jeshi la Waingereza na jamaa zao, walipokaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, giza la usiku halikuwa na upungufu. Leo msitu umegeuka kuwa bahari ya mabati. Familia nzima huishi katika chumba kimoja cha futi 12 kwa 12, chenye kuta za udongo au bati, na mama mjamzito hulala humo pamoja na watoto wanaosomea mtihani, mume arudiye kazini usiku, na televisheni ambayo huenda ni ya jirani lakini sauti yake ni ya wote.

Katika chumba kama hicho mtu hawezi kuzima taa kwa hiari yake peke yake. Anayehitaji giza na anayehitaji mwanga ni watu wa nyumba moja. Nje zimesimama zile nguzo ndefu za taa ambazo wakazi wamezipa jina la mulika mwizi. Nuru yake hupenya katika nyufa za mabati, ingawa ni hafifu ikilinganishwa na ya balbu iliyomo ndani. Sisemi nguzo hizo ziondolewe. Atakayesema hivyo hajawahi kuwaza mwanamke mwenye mimba ya miezi minane anavyokwenda chooni usiku. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, ikieleza jinsi hofu ya kubakwa na kupigwa inavyowazuia wengi kutoka nje kwenda vyooni baada ya jua kutua. Wengine hulazimika kujisaidia ndani ya nyumba, katika mfuko au ndoo. Mjamzito, ambaye huenda haja ndogo mara nyingi kuliko watu wengine, huubeba mzigo huo maradufu.

Kwa hiyo usiku wa Soweto West una kasoro mbili zinazopingana. Ndani ya nyumba, mahali ambapo giza na utulivu vingemfaa mama, mna mwanga na kelele. Nje, mahali ambapo mwanga na ulinzi vingemwokoa, kuna giza na hofu. Maumbile yamemwandalia saa za kuzaa, nasi tumezigeuza kuwa saa za kuogopa.

Huduma za afya nazo zinafanyaje kazi? Zahanati nyingi ndogo hufungua asubuhi na kufunga jioni, na siku za mwisho wa juma nyingine hazifungui kabisa. Hospitali ya Mbagathi na Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta ziko kilomita chache tu kutoka Kibera, lakini kilomita chache za saa sita mchana si sawa na kilomita chache za saa nane usiku. Gari haliwezi kuingia katika vichochoro. Bodaboda atataka nauli ya usiku, na huenda akakataa kuja. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba vifo vya wazazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kuifikia, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Naongeza jambo moja tu juu ya maelezo yao. Aina zote tatu huzidi makali usiku, nao usiku ndio wakati ambao mwili umeuchagua.

Hasara yake imepimwa. Uchunguzi wa kituo cha utafiti cha APHRC katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, hapahapa Nairobi, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2003 na 2005 walikufa wazazi 706 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 ulikuwa umetoa kadirio la 414 kwa nchi nzima. Wanawake hao walikuwa wakiishi ndani ya jiji kuu, karibu na hospitali kubwa kuliko zote nchini, na bado hatari yao ilizidi ya mwenzao wa kijijini.

Viongozi wetu hawakukaa bure, na haki yao tuwape. Tarehe 1 Juni 2013 ada za kujifungulia katika hospitali za umma ziliondolewa. Baadaye ukaja mpango wa Linda Mama chini ya NHIF, na Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ikachukua nafasi ya NHIF. Shirika la Médecins Sans Frontières lilifungua kituo cha afya cha Kibera South mwaka 2014 na kukikabidhi kwa serikali ya kaunti mwaka 2017, mwaka ambao wauguzi wa umma waligoma kwa karibu miezi mitano. Kila hatua ilikuwa na faida yake. Hata hivyo, mjadala wetu wote ulihusu nani atalipa. Ni mara chache tulipouliza mlango utakuwa wazi saa ngapi, na nani atakuwa nyuma yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaowalaumu akina mama wanaokwenda kwa wakunga wa jadi. Wanasema ni ujinga. Mimi naona ni hesabu. Mkunga wa mtaani hafungi mlango saa kumi na moja jioni. Anakaa nyumba ya tatu, huitwa kwa kugongewa ukuta, na hufika kwa miguu. Hana damu ya kuongeza wala chumba cha upasuaji, na mama akivuja damu kupita kiasi mkunga huyo hawezi kumwokoa. Lakini anafanya kazi kwa saa zilezile za melatonini, jambo ambalo zahanati haifanyi. Tukitaka akina mama wamwache, tuwape mbadala ulio macho usiku.

Kama kuna aliyekuwa na shaka juu ya hoja hii, mwaka 2020 ulimwondolea. Kuanzia tarehe 27 Machi mwaka huo, serikali ilipiga marufuku watu kutembea kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri ili kuzuia maradhi ya korona. Saa za kafyu zilibadilishwa baadaye, lakini amri yenyewe iliendelea hadi Oktoba 2021. Wajawazito waliruhusiwa kwenda hospitali, lakini ruhusa haikuwa gari, wala haikuondoa hofu ya polisi kwa dereva. Ndipo daktari kijana wa magonjwa ya wanawake, Jemimah Kariuki, alipoanzisha mpango wa Wheels for Life. Mama alipiga simu, akapata ushauri wa daktari, na ikibidi akapelekewa teksi bila malipo. Mpango huo ulifichua jambo lililokuwapo hata kabla ya korona. Katika mitaa ya mabanda kafyu ya wajawazito ni ya kila usiku, ingawa hakuna gazeti la serikali lililoitangaza.

Kuna wasomaji watakaoniuliza: kama melatonini ina manufaa hayo, kwa nini mama asinunuliwe vidonge vyake? Swali hili ni zito, kwa maana nchini Marekani vidonge hivyo huuzwa madukani bila cheti cha daktari tangu miaka ya 1990. Utafiti umeanza kuvichunguza. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2008 kwamba viliwasaidia baadhi ya wanawake ambao mayai yao yalikuwa dhaifu. Huko Australia wanawake 20 wenye shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba walipewa vidonge hivyo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba mimba zao ziliendelea kwa siku chache zaidi kuliko za wanawake wa awali waliolinganishwa nao. Lakini wanawake 20 si ushahidi wa kulishia taifa dawa. Homoni inayovuka kondo la nyuma na kumwambia mtoto saa ngapi si kitu cha kununuliwa kioski pamoja na dawa ya kichwa. Mjamzito asimeze melatonini bila daktari kumwagiza.

Isitoshe, mwili huitengeneza bure. Hapa karibu na ikweta tuna usiku wa saa kumi na mbili, mwaka mzima, kwa tajiri na maskini sawa. Alichonyimwa mama wa Soweto West ni fursa ya kuutumia usiku huo. Kumuuzia kidonge badala ya giza ni kumfanya mtu alipie kivuli chini ya mti uliokatwa.

Lipo pia suala la kazi za usiku. Uchunguzi wa Denmaki uliohusu wajawazito zaidi ya 22,000, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliofanya zamu mbili au zaidi za usiku katika juma moja walikuwa na hatari ya mimba kuharibika iliyozidi kwa asilimia 32 katika juma lililofuata, baada ya juma la 8 la ujauzito. Watafiti waliitaja melatonini kuwa mojawapo ya sababu zinazowezekana. Mkataba nambari 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unataka mwanamke apewe kazi mbadala isiyo ya usiku kwa muda usiopungua majuma 16 kabla na baada ya kujifungua. Je, ni waajiri wangapi wa Nairobi wanaomwuliza mfanyakazi mjamzito kama angependa kuhamishiwa zamu ya mchana? Na muuguzi mjamzito anayekesha akizalisha wenzake, nani anayeuchunga usiku wake?

Wapo watakaodai kwamba nazungumzia homoni mahali penye njaa, na kwamba mama wa Kibera ana shida kubwa kuliko mwanga wa televisheni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siitaji melatonini ili kuusahau umaskini. Naitaja kwa sababu inatuonyesha kwamba mama anayefika hospitali saa kumi alfajiri hakuchelewa kwa uzembe, na kwamba mpangaji wa huduma anayeshangaa kumwona saa hizo hajaisoma biolojia ya kidato cha nne.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila kijiji cha Kibera kiwe karibu na kituo chenye wodi ya uzazi inayofanya kazi usiku kucha, na kaunti iitangaze orodha ya zamu za usiku kama inavyotangaza bajeti. Pili, wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 wapewe jukumu la kuandika, kabla ya mwezi wa tisa, mpango wa usiku wa kila mjamzito: ataitwa nani, gari litasimama wapi, na nani atamsindikiza hadi barabarani. Tatu, vyoo vijengwe karibu na nyumba, na taa za vichochoro zielekezwe chini kwenye njia badala ya kwenye kuta za watu. Nne, familia zenyewe zikubaliane kuzima televisheni na simu mapema mama anapokaribia kujifungua. Hilo la mwisho halihitaji pesa ya serikali.

Kwenu walimu, nawasihi msiliache somo la homoni likaishia kwenye mchoro wa tezi na mishale ubaoni. Mwanafunzi wa Kibera au Kawangware akijua kwa nini dada yake alishikwa na uchungu saa nane usiku, atajua pia la kumwuliza diwani katika mkutano wa hadhara. Swali lenyewe ni fupi: usiku wa leo, mama akishikwa na uchungu Soweto West, ni mlango gani ulio wazi, na atafikaje hapo? Diwani asiyeweza kulijibu hajui kama wapigakura wake wamezaliwa salama.